Likizo ya Lamu na Neno Moja

Watu wa bara wapatao likizo ya kazi hugawanyika mafungu mawili. Wako waendao kwao kulima na kutengeneza boma, nao ndio wengi; na wako wakaao mjini bila kwenda popote, wakingoja siku ziishe. Fungu la tatu, la wale wachukuao mke na watoto wakaenda mahali ambapo hawana shamba wala jamaa, kwa kupumzika na kutazama tu, bado ni dogo, na mara nyingi husemwa kwamba hao ni watu wasiojua thamani ya fedha.

Karani mmoja wa Nakuru aliingia katika fungu hilo la tatu mwezi wa Desemba, shule zilipokwisha kufungwa. Alikuwa ameweka akiba kwa muda wa miaka miwili. Mkewe alitaka fedha hizo zinunue mabati ya nyumba ya mama mkwe wake, kwa maana paa lilikuwa linavuja. Bwana alitaka watoto waione bahari kabla hawajawa wakubwa na kutawanyika. Wakajadiliana siku nyingi, mwisho wakapatana kwamba upande mmoja wa paa uezekwe mwaka huu, na upande wa pili ungoje. Fedha zilizobaki zikawa nauli ya kwenda Lamu.

Watoto walikuwa watatu: binti wa miaka 12, mvulana wa miaka 9, na mdogo wao wa miaka 4. Yafaa msomaji ajue jambo moja juu ya mvulana huyo. Alama zake za Kiswahili shuleni zilikuwa za chini, na jambo hilo lilimtia baba yake haya, kwa kuwa baba mwenyewe alipata kusifiwa kwa Kiswahili chake tangu alipokuwa shule ya misheni, na kazini hupewa barua za wenziwe azisahihishe. Kila Jumamosi jioni alikuwa akikaa na daftari la mtoto mezani na kalamu nyekundu mkononi. Hakuwa mkali wa kupiga. Kosa la kuchekesha alilisoma kwa sauti ili nyumba yote isikie, na nyumba yote ikacheka.

Basi wakasafiri. Kutoka Mombasa walipanda basi, wakapita Malindi, Garsen na Witu, hata wakafika Mokowe, mahali nchi kavu inapokwisha. Hapo mizigo ikateremshwa, wakashuka ngazi za gati, wakavikwa maboya ya kifuani na kuketishwa katika mashua ya mtambo. Mama alifumba macho njia nzima, akamkumbatia mdogo. Alipoyafumbua, mji wa Lamu ulikuwa mbele yake, nyumba ndefu nyeupe zimepangana ukingoni mwa maji, na majahazi yamefungwa kama ng'ombe zizini.

Jambo la kwanza walilolitambua ni kimya. Ndani ya mji wa zamani gari halina pa kupita. Njia nyingi ni nyembamba hata mtu akinyosha mikono yake miwili hugusa kuta za nyumba mbili. Wachukuzi wa mji huo ni punda, nao hubeba mawe, saruji, mchanga na magunia ya unga. Mara mvulana akasikia nyuma yake mtu akipiga kelele za kuomba njia. Kabla hajageuka, punda watatu wenye mizigo ya mchanga walikuwa wamemfikia, ikambidi ajibanze ukutani kama picha. Tangu hapo watoto wakajifunza kutembea mjini kwa masikio kwanza na macho baadaye.

Walipanga vyumba katika mtaa wa Mkomani, kwa mama mmoja mzee aliyefiwa na mumewe, ambaye watoto walimwita Bibi tangu siku ya kwanza. Nyumba yake ilikuwa ya mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimeshikwa na boriti za mikoko. Mlangoni palikuwa na daka lenye viti vya mawe pande mbili, ambapo mgeni asiyekuwa jamaa hupokewa bila kuingia ndani. Kutani mlikuwa na zidaka, yaani vishubaka vilivyochongwa kwa plasta, vya kuwekea vyombo. Bafuni palikuwa na birika la maji, na ndani ya birika samaki wadogo wakiogelea. Mdogo alipowaona alikataa kuoga, akidhani watamla. Bibi akamweleza kwamba wale ni walinzi: hula viluwiluwi vya mbu, na desturi ya kuwafuga ni ya zamani katika nyumba za Lamu.

Bibi aliwakataza watoto kumwaga maji ovyo. Alisema maji matamu ya kisiwa hicho hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela: mvua ikinyesha huzama mchangani, hutulia huko chini juu ya maji ya chumvi, na watu huyachota visimani. Wakiyachota kupita kiasi, chumvi huingia. Kwa hiyo vilima vile, ambavyo mgeni huviona kuwa mahali pa kuteleza na kucheza, kwa wenyeji ndiyo ghala yao ya maji.

Siku za kwanza zilipita kwa furaha. Asubuhi walikula mahamri na chai ya tangawizi. Mchana wali wa nazi na samaki, tena embe, ambazo wakati huo zilikuwa zimeiva. Saa za jua kali maduka yalifungwa na mji wote ukalala. Karani, aliyezoea kutazama saa ya ofisini, hakuweza kulala. Aliketi dakani na gazeti, akasoma hata matangazo. Jioni walitembea Usita wa Mui, njia kuu ya mji, wakawatazama wazee wakishona kofia barazani, nukta kwa nukta, kazi ambayo kofia moja huweza kuchukua miezi. Waliiona ngome, iliyomalizika kujengwa mwaka 1821, na ambayo ilikuwa gereza hata mwaka 1984. Walisikia adhana ikiitwa kutoka misikiti mingi, moja ikipokea nyingine. Usiku walipanda darini, maana mwezi ulikuwa unakaribia kujaa, nao ukaupaka mji wote rangi ya maziwa. Baba aliusifu mwezi ule kwa maneno mazuri. Hakuuliza unafanya kazi gani.

Kitu kimoja tu kilimtia baba mashaka, nacho ni lugha. Aliposema na muuza samaki, alijibiwa kwa adabu, lakini maneno mengine hakuyashika. Watu walisema “ndia” kwa njia, “nti” kwa nchi, na “yeo” kwa leo. Akawaambia watoto wake wajihadhari, wasije wakarudi shuleni na makosa hayo. Hakukumbuka kwamba Kiswahili cha vitabu alichofundishwa kilichaguliwa katika mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928, ambapo Kiunguja kiliwekwa kuwa msingi. Wala kwamba kabla ya hapo, kwa miaka mingi, washairi wa Lamu na Pate walikuwa wakitunga tenzi kubwa kwa maneno hayo hayo aliyoyaita makosa. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyeitunga Al-Inkishafi, hakuhitaji kalamu nyekundu ya mtu wa Nakuru.

Siku ya nne, baba akiwa dakani na gazeti lake na mama akiwa sokoni pamoja na binti na mdogo, Bibi alikuwa jikoni juu akikata embe. Mvulana alikuwa chini, akiwatazama samaki wa birikani. Bibi akaita kwa sauti, “Ndoo, mwanangu! Ndoo upesi!” Mvulana, kwa kuwa alilelewa vizuri, alitwaa ndoo iliyokuwa bafuni, akaijaza maji, akapanda nayo ngazi zote mbili akihema, akaiweka mbele ya Bibi. Mzee yule alicheka hata akafuta machozi kwa ncha ya leso. Kisha akamkalisha, akampa kipande kikubwa cha embe kuliko vyote, akamwambia, “Huku kwetu mtu akikwambia ndoo, amekwambia njoo. Nilikuita uje ule. Na wakiwa wengi huambiwa ndooni. Usione haya, mwanangu. Umeteka maji mazuri, nitapikia.”

Mvulana akacheka naye. Lakini aliposhuka, akamkuta baba dakani na gazeti, alisita, kisha akapita kimya. Jambo lile lingekuwa tamu sana kusimuliwa, ila alijua lingesimuliwa tena Nakuru, kwa sauti, mbele ya watu. Akalificha moyoni.

Siku ya pili yake mwezi ulikuwa mpevu. Mdogo aliamka na homa kidogo, mama akabaki naye nyumbani. Baba akawachukua binti na mvulana kwenda Shela kuokota makombe, nao wakachukua ile ndoo ya bafuni kwa ruhusa ya Bibi. Kutoka mjini hata Shela ni kama kilomita 3 kwa kufuata pwani. Maji yalikuwa yamekupwa sana, wakatembea mahali ambapo jana jioni palikuwa bahari, wakiona mashua zimelala ubavu juu ya tope. Watoto walifurahi kuona bahari imejivua nguo. Baba akasema kwamba leo bahari imekwenda likizo.

Yapata saa nne na nusu walifika kwenye pwani ya mchanga, ile ndefu isiyoonekana mwisho. Mbele yao, mbali kidogo, palikuwa na fungu la mchanga lililochomoza majini, na baina ya fungu na pwani palikuwa na mfereji wa maji yasiyofika magotini. Mvuvi mmoja mzee alikuwa kivulini akitengeneza wavu. Baba alimpungia mkono kwa mbali kama wafanyavyo watu wa mjini, wala hakwenda kumsalimu. Wakavuka mfereji, wakapanda juu ya fungu, wakaona makombe ya kila rangi.

Muda ulipita. Mtoto akiona kombe zuri huona jingine zuri zaidi mbele. Saa sita ilikuwa imepita kidogo waliposikia sauti ya yule mzee kutoka pwani. Alikuwa amesimama, anapunga mikono yote miwili, akiita, “Ndooni! Ndooni!”

Baba akasikiliza. Akawaambia watoto, “Mzee anauliza habari za ndoo. Labda anadhani tumeisahau.” Akainyanyua ile ndoo juu ya kichwa chake ili mzee aione vizuri, akajibu kwa sauti kubwa na Kiswahili safi, “Tunayo, Mzee! Ahsante sana!” Kisha akainama tena mchangani.

Mzee akaita mara ya pili, kwa nguvu zaidi. Baba akainyanyua ndoo mara ya pili.

Mvulana alikuwa amesimama na kombe mkononi. Alilijua neno lile. Alijua pia kwamba akilieleza, itambidi aeleze alikolipata, na ngazi zile mbili, na maji yale. Akamtazama baba yake, akamtazama mzee. Mara akaona nyayo zake mwenyewe, alizokanyaga punde tu, zinajaa maji. Ndipo aliposema, tena kwa haraka kama mtu atupaye mzigo, “Baba, hasemi ndoo. Anasema njooni. Ndooni ni njooni. Bibi aliniambia.”

Baba akageuka kutazama nyuma. Ule mfereji waliouvuka kwa kuinua suruali ulikuwa umepanuka ukawa kama mto, nao ulikuwa unakwenda kasi. Fungu lenyewe lilikuwa limebaki dogo kama uwanja wa nyumba.

Karani huyo hakujua kuogelea. Alikozaliwa, mto ulivukwa kwa kukanyaga mawe. Akambeba mvulana mabegani, akamshika binti mkono, akaingia majini. Hatua za kwanza maji yalifika mapajani, kisha kiunoni, kisha yakamfika binti kifuani akaanza kulia. Mkondo uliwasukuma kando. Mzee alikuwa amekwisha kuingia kutoka upande wake, akiwa na upondo wa mtumbwi mkononi. Akaunyosha, binti akaushika kwa mikono miwili, mzee akavuta bila haraka, akimwambia baba mahali pa kuweka mguu: hapa, sasa kulia, usisimame, ndoo, ndoo. Safari hii baba alielewa. Walipofika mchanga mkavu wote wanne walikaa chini. Ndoo ya Bibi ilionekana mbali ikielea na makombe yake, hata ikapinduka ikazama.

Mzee hakuwagombeza. Alingoja wapumue, kisha akaeleza kama mwalimu. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila kujaa huchukua saa sita na kidogo. Kila siku saa zake huchelewa kwa karibu dakika 50, kwa hiyo anayeijua bahari ya jana hajaijua ya leo. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu huwa ni bamvua: maji hukupwa mbali kuliko siku nyingine, na hurudi kwa wingi kuliko siku nyingine. Nusu mwezi ni maji mafu, yasiyokwenda mbali. “Saa ya kwanza maji hunyata,” akasema, “saa ya tatu hukimbia. Jana usiku hamkuuona mwezi?”

Baba akakumbuka darini na maneno yake mazuri, asijibu. Mwisho akasema, “Shikamoo, Mzee.” Ilikuwa ni salamu ya saa nne asubuhi, iliyochelewa. Mzee akaitikia, “Marahaba,” kama kwamba haikuchelewa.

Hawakurudi kwa njia ya pwani, kwa kuwa maji yalikuwa yameifunika. Walipita njia ya ndani. Katikati ya njia baba alisimama, akamwuliza mvulana, “Neno lile ulilijua tangu lini?”

“Tangu jana, Baba.”

“Mbona hukuniambia?”

Mvulana akatazama chini. “Niliogopa utanicheka.”

Binti, aliyekuwa mbele, akageuka kutazama baba atasema nini. Baba hakusema neno. Walitembea mwendo mrefu hata wakauona mnara wa msikiti, ndipo alipomshika mtoto mkono, jambo ambalo hakulifanya tangu alipomwandikisha shule.

Nyumbani mama alisikia habari yote akiwa amesimama, kisha akakaa. Alimshika binti nywele zenye chumvi, akamshika mvulana uso, akamwambia mumewe, “Upande wa pili wa paa utangoja. Watoto tunao.” Kisha akainuka kwenda jikoni, maana mtu mwenye hofu iliyopita hutafuta kazi ya mikono.

Baba alikwenda kwa Bibi kuungama habari ya ndoo, akataka kuilipa. Bibi akakataa fedha. Akasema ndoo huuzwa dukani kila siku. Kesho yake karani akanunua ndoo mpya Usita wa Mui, akaibeba mwenyewe njiani bila kuificha, akaiweka bafuni kimya kimya.

Usiku ule walipanda darini kama kawaida. Mwezi ulikuwa juu, na kwa mbali ilisikika bahari ikipiga kuta za gati. Baba alikuwa na daftari jipya. Akampa mvulana kalamu, akamwambia, “Leo wewe ndiwe mwalimu. Andika maneno yote uliyofundishwa na Bibi, nami nitayanakili.” Mvulana akaandika ndoo, akaandika ndia, nti na yeo. Alipofika neno la tano baba alilinakili vibaya. Mtoto akamtazama, hakucheka, akamwonyesha kwa kidole mahali pa kosa.

Bibi, aliyekuwa ameketi na mdogo mapajani, akasema, “Mgeni ndoo, mwenyeji apone. Lakini mwaka huu mgeni ndiye aliyepona.” Wote wakacheka, na mvulana akacheka kuliko wote, akaisimulia mwenyewe habari ya kupanda ngazi mbili na ndoo ya maji, tangu mwanzo hata mwisho, bila kuulizwa.

Wazazi wanaofikiri kwenda pwani na watoto wao wajifunze kwa karani huyu. Ufikapo mahali penye bahari, msalimu kwanza mtu aliyekaa ufukoni, umwulize maji yanakwenda au yanakuja, na ni saa ngapi yatakuwa yamejaa. Usivuke kwenda juu ya fungu la mchanga bila mwenyeji, hasa siku za bamvua. Umvike mtoto boya akiwa katika chombo, hata kama safari ni fupi. Mambo hayo hayagharimu hata senti. Na la mwisho ni la nyumbani zaidi kuliko la baharini: mtoto aliyechekwa kwa kosa lake hulificha kosa, na pamoja na kosa huficha na maarifa. Huenda siku moja maarifa hayo yakahitajiwa upesi.

Daftari lile sasa liko Nakuru, mezani, karibu na kalamu nyekundu. Jumamosi jioni hufunguliwa yote mawili, la mtoto na la baba.